Mashine Yenye Magurudumu: Kisa cha Fundi wa Kamukunji Aliyekataa Oda ya Masanduku 400

Mjomba wangu ni fundi wa bati Kamukunji, jijini Nairobi, kwenye mabanda yale yanayopakana na soko la Gikomba, mahali ambapo masikio hufika kabla ya miguu: nyundo unazisikia ungali Landhies Road. Yuko hapo tangu 1991. Sanduku langu la kwenda bweni alilitengeneza yeye, la bluu, jina langu likaandikwa kwa brashi nyeupe kwenye kifuniko. Hadi leo liko kwa mama, anawekea maharagwe.

Agosti 2024 alijiwa na mteja wa aina ambayo kila fundi humwomba Mungu. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mwenye maduka katika miji kadhaa, alitaka masanduku 400 ya kubebea vifaa vya kazi: madogo kuliko ya shule, yenye mkono juu na trei ndani. Yote yawe na kipimo kimoja, kwa sababu dukani yangepangwa moja juu ya jingine. Yawe tayari kwa wiki sita. Malipo siku 90 baada ya kupokea mzigo, na kila mzigo uje na risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi. Mjomba akaomba siku mbili za kufikiria. Siku ya tatu akampigia simu, akamshukuru sana, akakataa.

Mimi ndiye ninayemshikia daftari siku za Jumamosi, kwa hivyo sikuweza kuficha hasira. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo ilikuwa bahati nasibu. Umeshinda, halafu umeichana tikiti." Alicheka, akaendelea kukunja bati. "Wewe umesoma," akasema. "Lakini bahati za hapa huzijui."

Miezi mitano baadaye ikafika Januari 2025. Kwa fundi wa masanduku, Januari ndio mwezi wa mavuno. Mapato ya wiki tatu hizo hubeba karo, kodi ya nyumba na bati la miezi inayofuata. Mwaka huo hapakuwa na Kidato cha Kwanza. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, watahiniwa wake wakaingia sekondari Januari 2024, na nyuma yao pakawa peupe: kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi ndiyo kwanza lilikuwa linaingia Gredi ya 9, ndani ya shule za msingi, watoto wanatoka kwao asubuhi na kurudi jioni. Pasipo bweni hapana sanduku. Mjomba alikuwa na masanduku 130 yamepangwa mpaka yanagusa mabati ya paa.

Hapo kosa lilikuwa lake pia, na nimemwambia hivyo. Habari ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuhesabu miaka. Lakini naye ana upande wake. Mwaka 2022 nchi nzima ilijiandaa kwa watoto wa Gredi ya 7 kuingia katika shule za sekondari mwaka unaofuata, sambamba na Kidato cha Kwanza. Yaani misimu miwili kwa mpigo. Akanunua bati. Desemba mwaka huo huo serikali ikatangaza kwamba Gredi ya 7 watabaki shule za msingi. Kwa hivyo 2024 alipoambiwa hakutakuwa na Kidato cha Kwanza, alilipokea tangazo hilo kama utabiri wa mvua. Huenda inyeshe, huenda isinyeshe, na vijana bandani wanataka kula.

Basi kisa chenyewe ndicho hicho. Mtu hodari, mwenye miaka zaidi ya 30 kazini, amekataa oda ya masanduku 400 yenye mnunuzi, akatengeneza 130 yasiyo na mnunuzi. Ukimtazama kwa mbali utasema ni mjinga, na watu wa aina hiyo ndio hutajwa kila tunapojadili kwa nini nchi yetu haitajiriki. Mimi nimelipitia daftari lake mwaka mzima na nimefika mahali pengine kabisa. Kukataa kulikuwa sahihi. Kila sababu aliyonipa inasimama ukiihesabu. Ubaya uko hapo hapo.

Magurudumu

Mwaka 2019 alinunua mashine ya kukunjia bati, ya mtumba, kwenye mnada wa karakana iliyofungwa Enterprise Road. Chuma kizito, mita mbili kwa urefu. Mashine ya namna hiyo inatakiwa ikae juu ya zege, ifungwe kwa bolti nne nene, isitikisike hata chembe, maana ikitikisika mkunjo unatoka kombo. Ya mjomba haijakaa juu ya zege. Wiki ya kwanza tu aliichomelea magurudumu manne.

"Nikiibolti hapa," alinieleza, "siku wakija na tingatinga nitabeba nini? Bolti?"

Kamukunji "wao" hawana jina. Safari nyingine ni ilani iliyobandikwa nguzoni usiku. Safari nyingine ni moto, na Gikomba imeungua mara nyingi mno. Mwaka 2024 ulikuwa mto: baada ya mafuriko ya Aprili na Mei serikali iliamuru watu waondoke umbali wa mita 30 kutoka kingo za mito, na tingatinga zikapita Mathare na Mukuru. Banda la mjomba liko mbali kidogo na Mto Nairobi, lakini huo "kidogo" kila mtu hupima kwa hatua zake. Oda ya masanduku 400 ilikuja miezi mitatu tu baada ya hapo.

Tazama vyombo vyake vyote ndipo utaelewa. Fuawe yake ni kipande cha reli. Mkasi wa bati, tindo, nyundo tano, brashi, jiko la kupashia moto. Vyote vinaingia kwenye mkokoteni mmoja, na si kwa bahati. Karakana nzima imepangwa ili iweze kutoroka. Mashine ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kizito alichowahi kumiliki, naye akaipa miguu.

Kila asubuhi anatia mawe chini ya magurudumu. Mashine inatulia, ila si kabisa. Mkunjo wa kwanza na wa ishirini hupishana nusu sentimita. Kwa sanduku la shule si neno, nyundo itasawazisha na rangi itafunika. Kwa masanduku 400 yanayokalishwa moja juu ya jingine, nusu sentimita ni mzigo mzima kurudishwa.

Nimeanza na magurudumu kwa makusudi. Mazungumzo ya utajiri na umaskini wa mataifa huanza juu sana: ukoloni, ufisadi, hali ya hewa, uvivu (la mwisho husemwa na mtu ambaye hajafika Kamukunji saa kumi na mbili asubuhi). Mwaka 2024 Nobeli ya uchumi iliwaendea wasomi watatu kwa utafiti wao kuhusu namna taasisi zinavyozaliwa na zinavyoathiri ustawi wa nchi. Taasisi ni neno la ofisini. Ukilishusha hadi bandani, linauliza kama mashine yako ina bolti au ina magurudumu.

Wala si kwamba jua kali, sekta isiyo rasmi ya mafundi kama hawa, imesahauliwa. Dunia ilijifunza kuizungumzia sekta hii kutokana na Kenya, kupitia ripoti ya ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji akawaona mafundi wanachomwa na jua, akaahidi mabanda, ndiyo hayo yaliyoitwa ya Nyayo. Mwaka 1992 ukatoka waraka wa serikali kuhusu jua kali. 2012 ikapitishwa sheria ya biashara ndogo na ndogo kabisa. Nao ufundi haujawahi kupungua. Jiko lenye kiuno na udongo ndani, lile linalopunguza makaa, lilianza kuenea miaka ya 1980 likipigwa bati na mafundi wa hapa hapa Kamukunji na Shauri Moyo, kisha likasambaa nchi nyingine za Afrika. Kivuli mjomba alipata. Kwa ardhi iliyo chini ya kivuli, ana karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mkoba wa plastiki, na si hati miliki.

Hati ya babu

Sasa fedha. Bati, ribiti, bawaba, komeo na rangi vingemgharimu takriban 1,100 kwa kila sanduku, yaani shilingi 440,000. Vibarua tulikadiria 120,000. Mteja angelipa 1,900 kwa moja, jumla 760,000. Faida 200,000, ambayo mjomba hajawahi kuiona kwa mkupuo mmoja. Lakini kati ya kununua bati na kulipwa kuna wiki sita na siku 90, na katika muda huo nusu milioni na zaidi imelala kwenye stoo ya mtu mwingine.

Chama chake cha akiba kinakopesha hadi 100,000. Hazina ya Hasla, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kweli, ila kwa mtu mmoja mmoja kikomo kilikuwa 50,000: fedha ya kununulia bati la siku chache. Benki mwishoni mwa 2024 zilikuwa zinakopesha kwa wastani wa karibu asilimia 17. Watu hulia na riba, nami nililia hivyo mpaka nilipopiga hesabu. Kwa miezi minne na nusu riba ya mkopo mzima isingefika 40,000. Angeilipa na bado akabaki na 160,000. Riba haikuwa tatizo. Tuliketi mbele ya afisa wa mikopo, kijana mwenye heshima zake, akamwita mjomba "mzee wangu" mara tano, kisha akauliza: "Hati ya shamba iko?"

Iko. Hapa ndipo mahali ambapo wale wanaosema "wapeni maskini hati miliki, mengine yatajipa" wangefaa wafike wanywe chai na ukoo wetu. Kenya ilianza kugawa hati kwa mtu binafsi mashambani tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954, mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Dawa hiyo tumeinywa miaka 70. Hati ya kwetu imeandikwa jina la babu, aliyefariki 1987 na kuacha wana saba. Kesi ya mirathi haijafunguliwa, kwa sababu kuifungua ni kuanza kuulizana nani alimuuguza mzee na nani alikuwa mjini. Katikati ya shamba kuna makaburi matatu. Nani ataweka rehani kaburi la baba yake ili anunue bati? Na hata wana wote saba wangekubali, benki yenyewe inajua kwamba hakuna atakayekuja kununua shamba hilo kwenye mnada akalima akizungukwa na wenye hasira.

Kwa hivyo palipo na hati, pesa haitengenezwi, na panapotengenezwa pesa hakuna hati. Mjomba yuko katikati, anasafiri na basi la Machakos.

Nilimshauri agawe oda kwa mafundi sita, kila mmoja masanduku sabini hivi. Alinitazama kwa huruma. "Nikimpa jirani mabati ishirini, halafu apatwe na msiba, hayo mabati yataenda matangani. Nitamdai nani? Nitamdai msibani?" Nikamweleza kwamba Nairobi ina Mahakama ya Madai Madogo tangu 2021, madai hadi shilingi milioni moja, kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hakuwa ameisikia. Alinyamaza, akafikiria, akauliza nani atakaa bandani siku ya kesi.

Na kuna woga mwingine asioupenda kuutaja, wa wanagenzi. Amefundisha vijana kumi na wanne, na kumi na mmoja kati yao wana mabanda ya karibu kiasi cha kuweza kuitana naye, wanatengeneza sanduku lile lile la bluu. Jua kali huongezeka kama mgomba: hautanuki shina, unachipua pembeni. Kijana akishaiva hawezi kubaki kwa mjomba, maana hakuna ngazi ya kupanda bandani, hakuna msimamizi wala mshahara wa mwezi. Anatoka na nyundo moja na siri zote. Ukimwonyesha mteja mkubwa, mwaka ujao mteja ni wake. Kwa hivyo mafundi kumi na wawili waliofundishana wanauziana bei chini mpaka faida inaisha, badala ya kuwa karakana moja ya watu kumi na wawili.

Risiti nitaipita haraka. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo kwa biashara za kuanzia milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka imekuwa asilimia 3, na inakatwa kwenye mauzo, upate faida usipate. Oda ile, ikijumlishwa na mauzo yake mengine, ingemvusha mstari wa milioni. Asilimia 3 ya 760,000 ni 22,800, angeweza. Alichoogopa ni kuonekana. Ukiwa mdogo unapita katikati ya vidole.

Hadithi ya Korea, bila ile ya mkopo

Nairobi huwezi kumaliza mada hii kabla mtu hajasema kwamba tulipopata uhuru 1963 tulikuwa sawa na Korea Kusini, na kwamba hata tuliwakopesha. La mkopo tuliache kijiweni. La kwanza lina ukweli ndani yake: mwaka ule nchi zote mbili zilikuwa na pato la chini ya dola 200 kwa kila mtu kwa mwaka. Leo wao wamepita 30,000, sisi tuko kama 2,000. Hawakuwa wametawaliwa kwa upole pia. Japani iliwakalia tangu 1910 hadi 1945, kisha vita vya 1950 hadi 1953 vikaichoma nchi yote.

Ninapotaka kumwelewa mjomba humfikiria Chung Ju-yung. Mtoto wa wakulima maskini, alitoroka kwao, na mwaka 1940 akanunua gereji ya kutengeneza magari mjini Seoul kwa pesa za kukopa. Haikupita muda gereji ikaungua. Akarudi kwa yule yule aliyemkopesha, akakopeshwa tena. Mtu wa Gikomba akisikia hapo atatikisa kichwa, kwa sababu moto anaufahamu, ni hiyo sehemu ya pili ambayo hajawahi kuiona. Gereji hiyo ndiyo mzizi wa Hyundai.

Lakini mtu mmoja mwenye bahati si nchi. Kilichofanya gereji nyingi na karakana nyingi zipate pa kupanda ni mambo ambayo hayakuwa na uhodari wa mtu ndani yake. Mageuzi ya ardhi ya mwaka 1950 yaliweka kikomo cha hekta 3 hivi kwa familia, na mkulima aliyekuwa mpangaji akapata cha kusomeshea watoto. Na tangu miaka ya 1960 serikali ya Park Chung-hee, mtawala wa Korea Kusini, iliyokuwa imezitia benki mkononi mwake, iliweka kanuni moja ambayo nimeisoma mara nyingi nikiwa na daftari la mjomba mapajani: mwenye karatasi ya benki inayothibitisha oda ya mnunuzi wa nje alipata mkopo wa riba ya chini karibu moja kwa moja. Oda yenyewe ilikuwa dhamana. Hakuna aliyeuliza shamba la babu.

Soma tena sentensi hiyo, kisha umkumbuke afisa wetu wa mikopo.

Walianza na vitu vya kuchekesha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mawigi yalikuwa miongoni mwa bidhaa zao kuu za kuuza nje, pamoja na nguo na mbao nyembamba zilizogundishwa, yaani plaiwudi. Mauzo ya nje yalifika dola milioni 100 mwaka 1964. Mwaka 1977 yakafika bilioni 10. Rais mwenyewe aliketi kila mwezi kwenye kikao cha mauzo ya nje, na kampuni iliyoshindwa kuuza ilinyimwa mkopo uliofuata. Msaada ulikuwa na kipimo, na kipimo hakikusomwa na rafiki yako.

Sisi nasi tulikuwa na fidia ya mauzo ya nje, kwa hivyo usinidanganye kwamba Wakorea walikuwa na sera ambayo hatukuifikiria. Mapema miaka ya 1990 kampuni moja ililipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa karibu haichimbi dhahabu. Hiyo ndiyo kashfa ya Goldenberg. Karani wa Benki Kuu aliyefichua karatasi zake, David Munyakei, alikamatwa na kufutwa kazi mwaka 1993. Sera ni ile ile, fidia kwa anayeuza nje. Kule fundi wa mawigi alihesabiwa wigi moja moja. Huku hata dhahabu haikuhitajika kuwepo. Nchi ikishalipia hewa mara moja, kila mwenye kazi halisi mikononi anajifunza ni nani anayelipwa, na anafanya kama mjomba: anaweka magurudumu.

Sitaki mtu aondoke hapa akitamani utawala wa Park. Tarehe 13 Novemba 1970 fundi cherehani wa miaka 22, Jeon Tae-il, alijichoma moto mbele ya Soko la Pyeonghwa, kwenye mtaa wa Cheonggyecheon mjini Seoul, akidai sheria za kazi zilizokuwa zimeandikwa zifuatwe. Wasichana wadogo walikuwa wakishona humo kwa saa nyingi hadi wakaugua mapafu. Mwendo mfupi kutoka hapo, kuzunguka jengo la Seun, kulikuwa na mafundi wa chuma waliosongamana kama wetu. Watu wa Seoul walitania kwamba mafundi wale wakiungana wanaweza kuunda hata nyambizi. Bei ya utajiri ule ililipwa na watu wenye majina. Ninachosema ni kwamba pale karakana ndogo ilikuwa na kitu juu yake cha kushika: kiwanda kinachoagiza vipuri leo, kesho na mwaka ujao.

Sisi tuna ya siku moja moja. Mwaka 2020, wakati wa Korona, serikali iliagiza madawati ya shule kutoka kwa mafundi wa jua kali, na mtaa mzima ukanukia mbao na moshi wa kuchomelea. Oda ilipokwisha, ikawa imekwisha. Hakuna anayefunga mashine kwa bolti kwa ajili ya oda isiyo na ndugu.

Na huu si mkosi wa Kamukunji peke yake. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli, na kwa miongo kadhaa Mwafrika alihesabiwa humo kuwa mpita njia: kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni, chumba cha kitanda tu Shauri Moyo, na kuchuuza bila leseni ni kosa. Mji uliomtaka awe kibarua, usimtake awe na karakana. Uhuru ulibadilisha wenye ofisi kwa haraka kuliko ulivyobadilisha sheria ndogo za mji. Leo takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya watu wanane kati ya kumi wenye kazi nje ya kilimo kidogo wako katika sekta isiyo rasmi, na viwanda vinachangia chini ya asilimia 8 ya pato la taifa. Mtu akitaka kujua namba hizo zinatoka wapi, nitampeleka aone mawe yaliyo chini ya mashine ya mjomba.

Yaliyofuata

Mfanyabiashara yule hakukaa bila masanduku. Kabla ya Krismasi ya 2024 nilipita kwenye duka lake moja nikayakuta: mekundu, yametoka China kwa kontena, yamepangwa hadi kifuani, hayapishani hata unywele. Nilinunua moja. Nilimpelekea mjomba, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo. "Bati jepesi," akasema. Kisha, baada ya muda: "Lakini mashine yao imesimama."

Masanduku yake 130 yaliisha polepole. Mengine yalinunuliwa na mafundi wa bodaboda, mengine na mama mboga wa soko la Burma wanaofungia bidhaa usiku, kumi na kitu yaliota kutu kabla ya mvua za Aprili kwisha. Kati ya wanagenzi watatu, wawili waliondoka. Mmoja anaendesha bodaboda Donholm. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipoingia sekondari, wateja walirudi kwa kishindo na mjomba alikuwa na masanduku arobaini tu na hana bati. Akanunua mengine kwa bei ya jumla kutoka kwa kijana aliyemfundisha mwenyewe, banda la tatu kutoka lake, akawa anayaandika majina tu kwa brashi.

Nilimwuliza kama oda ile ingerudi leo angefanyaje. Nilikuwa nimejiandaa na mpango: mteja atoe malipo ya awali ya theluthi, muuza bati atoe mkopo wa siku thelathini kwa maandishi, kiundwe kielelezo kimoja cha chuma cha kupimia, kila fundi akunje kwa kukifuata. Alinisikiliza hadi mwisho. Akakubali viwili, akakataa kimoja, hakuniambia kipi.

Jumamosi iliyopita nilikuta amemwaga zege kwenye kona ya banda, bamba la mita mbili na kidogo, na bolti nne zimechomoza juu. Mashine ilikuwa pembeni yake, bado juu ya magurudumu, mawe mahali pake. Nikamtazama. "Zege si ghali," akasema. "Nikihama nitaliacha." Mwanagenzi aliyebaki amekwisha zoea kuanika glavu zake kwenye bolti zile.